Je, Dawa ya Mkanda Yaweza Kusafisha Karatasi ya Picha?

Huenda katika kabati ya parokia yako, au chini ya kitanda cha bibi yako, limo kopo la biskuti lililojaa negativu. Nasema ile mikanda ya zamani iliyokwisha safishwa, ambamo nyuso za watu ni nyeupe kama maji na mashati yao meupe yamekuwa meusi kama makaa. Wengi wakiikuta huishika mbele ya dirisha, wakacheka kidogo, kisha wakairudisha. Wengine huitupa pamoja na takataka za kufagia. Nakusihi usiitupe. Kila kipande ni picha kamili inayongoja karatasi tu, na mara nyingi ndiyo picha pekee iliyobaki ya mtu aliyekwisha fariki.

Lakini leo sikusudii kuwaonya watupao negativu. Nataka kujibu swali la kazi, ambalo limewasumbua watu zaidi ya mmoja. Mtu anayo negativu, anayo na karatasi ya picha, lakini dawa aliyo nayo ni ya kusafishia mkanda, siyo ile iliyotengenezwa kwa karatasi. Je, atumie hiyo hiyo, au aache mpaka apate nyingine?

Zamani swali hili lisingeulizwa sana, maana mwenye studio alikuwa na chupa zote mbili juu ya rafu yake. Siku hizi watu hupiga picha kwa simu, na maduka ya dawa hizi yamekuwa machache sana. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza karatasi ya picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Ni kweli karatasi hiyo bado hutengenezwa na Ilford huko Uingereza, na Foma katika Jamhuri ya Cheki, lakini kwetu hufika kwa kuagizwa, na mwenye pakiti moja huzihesabu karatasi zake kama mtu ahesabuye mbegu za kupandia. Dawa nazo huja kwa bahati. Ndugu akitoka safari huleta pakiti ya dawa ya mkanda, kwa sababu ndiyo ajuayo jina lake. Ya karatasi husahauliwa.

Ndivyo ilivyotokea parokiani kwetu. Vijana walifungua kabati la sakristia wakakuta negativu za miaka ya 1960 na 1970: arusi, komunyo ya kwanza, ujenzi wa shule, katekista na baiskeli yake, mazishi. Tangazo liliposomwa Jumapili, jamaa 22 zilikuja kuomba picha za wazee wao. Karatasi zilizokuwapo ni 25. Hesabu yake si ngumu: karatasi tatu za kujaribia, basi. Kila itakayoharibika baada ya hizo ni sura ya mzazi wa mtu. Na dawa iliyokuwapo ni pakiti mbili za D-76, yaani dawa ya mkanda.

Kijana aliyeanza kazi alifuata maandishi yaliyo juu ya pakiti ya karatasi: dakika moja na nusu ndani ya dawa, kisha itoe. Akaitoa. Picha ilikuwa ya kijivu toka pembe hata pembe, haina weusi wala weupe, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Mama mmoja aliyekuwa akingoja nje kumwona baba yake aliishika, akaigeuza kuelekea mwanga, akasema, "Huyu si baba yangu. Huyu ni moshi."

Sasa tutazame moshi huo ulitoka wapi, maana ukijua sababu utajua na dawa yake.

Mkanda na karatasi ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimepakwa jelatini yenye chumvi za fedha ndani yake. Nasema fedha ile ya pete, siyo ya mfukoni. Mwanga ukizigusa chumvi hizo huacha alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kusafishia huzitafuta zile zilizoguswa na kuzigeuza kuwa fedha tupu, ambayo ikiwa katika chembe ndogo sana huonekana nyeusi. Zile ambazo hazikuguswa huondolewa baadaye na dawa ya pili, ambayo mafundi huiita fiksa. Mwingereza William Henry Fox Talbot, aliyepata hati ya ustadi wake mwaka 1841, alitumia karatasi hata kwa negativu zenyewe. Basi kuitia karatasi katika dawa ya negativu si jambo la kushangaza. Ndugu hawa walikuwa nyumba moja tangu zamani.

Waliachana kwa sababu ya kazi zao. Mwaka 1893 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani (huyu ndiye aliyekuja baadaye kutengeneza ile plastiki ngumu ya Bakelite), alianza kutengeneza karatasi ya Velox, ambayo mtu aliweza kuisafisha usiku nyumbani kwake kwa mwanga wa taa ya gesi. Watu wakapenda karatasi iivayo upesi, na dawa yake ikafanywa kali. Mkanda nao ulikwenda njia nyingine. Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica ilionyeshwa katika maonyesho ya Leipzig, Ujerumani. Mkanda wake ni mwembamba, na kila picha yapasa kukuzwa mara nyingi. Ukikuza picha unakuza na chembe zake, hata uso wa mtu ukaonekana kama umemwagiwa mchanga. Kwa hiyo mkanda ulihitaji dawa ya upole. D-76 ilitoka kwa Kodak mwaka 1927, na ilitengenezwa kwa ajili ya mikanda ya sinema, ambayo nayo hukuzwa sana juu ya kitambaa cheupe.

Tena liko jambo jingine, na hili ndilo kubwa. Mkanda huondolewa jikoni kabla haujaiva kabisa. Fundi huangalia saa yake. Dakika 7, 8 au 10, kadiri ilivyoandikwa, na hapo huukatiza. Akiuacha utazidi kuwa mweusi na mgumu. Karatasi sivyo. Karatasi hutaka kuiva mpaka mwisho, mpaka sehemu iliyopata mwanga mwingi isiweze kuwa nyeusi zaidi. Ukiitoa katikati, unapata moshi.

Hebu tuzifungue pakiti zenyewe tuone kilichomo. Lita 1 ya D-76 ina metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, na boraksi gramu 2. Dawa ya karatasi ijulikanayo sana ni D-72, ya Kodak vilevile. Lita 1 yake ina metoli gramu 3, salfaiti gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, sodiamu kaboneti kavu gramu 68 hivi, na potasiamu bromaidi gramu 2. Ukizisoma hivi utadhani ya karatasi ina nguvu maradufu. Lakini kumbuka kwamba D-72 haitumiwi hivyo ilivyo. Huchanganywa na maji, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji. Gawanya kwa tatu: metoli gramu 1, haidrokwinoni gramu 4, kaboneti gramu 23, bromaidi haifiki gramu 1.

Sasa linganisha. Metoli na haidrokwinoni ndizo zifanyazo kazi ya kugeuza fedha. D-76 isiyotiwa maji ina metoli mara mbili ya ile iliyomo katika beseni la dawa ya karatasi, na hata haidrokwinoni imeizidi kwa gramu 1. Wafanya kazi ni wengi! Kilichopungua ni kile kiwaamshacho. Boraksi ni alkali pole. Kaboneti ni alkali yenye nguvu. Haidrokwinoni, ambayo ndiyo iletayo weusi wa kweli, haifanyi kazi yake vizuri bila alkali ya nguvu. Katika D-76 hukaa ikimsaidia metoli tu.

Mzee mmoja wa mjini kwetu, aliyekuwa na studio kwa miaka mingi na ambaye ndiye aliyetuazima mashine ya kukuzia picha, alielezwa habari hii na vijana. Hakutaja alkali wala nini. Alisema, "Wajukuu zangu, unga umo sufuriani, maji yamo, na mwiko mnao. Moto ndio mdogo."

Basi ziko njia mbili: kungoja juu ya moto mdogo, au kuongeza kuni.

Kungoja kwawezekana. Tumia D-76 nzima, usiizimue kwa maji kama watu wafanyavyo kwa mkanda, na iache karatasi ikae. Si dakika moja na nusu. Labda 4, labda 6, labda zaidi, maana karatasi hutofautiana. Usikisie, jaribu hivi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uwashie taa nyeupe mpaka uwe umepata mwanga wa kutosha kabisa, kisha ukate vipande vitano. Vitie vyote ndani ya dawa, ukitoa kimoja kila baada ya dakika 2 na kukitia katika fiksa. Vitazame baadaye kwenye mwanga. Utaona cha kwanza ni kijivu, cha pili kimeiva kiasi, na utafika mahali ambapo kifuatacho hakikuzidi kilichotangulia. Hapo ndipo dakika zako. Karatasi uliyotumia haizidi upana wa vidole viwili, nawe umejua jambo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kukuambia juu ya karatasi yako na maji yako.

Picha za njia hii zina upole wake. Weusi haufiki chini kabisa, na karatasi nyingine huelekea rangi ya kahawia. Kwa uso wa mtoto mchanga au bibi kizee si vibaya hata kidogo. Mimi mwenyewe naipenda rangi hiyo. Lakini negativu ikiwa dhaifu, picha itakuwa dhaifu zaidi. Dawa ya hayo ni karatasi kali. Kama karatasi zako ni za namba, chukua 3 au 4 mahali pa 2. Kama ni za aina ile ibadilikayo kwa vichujio vya rangi, weka kichujio cha zambarau-nyekundu kizidishacho ukali, siyo cha manjano.

Kuongeza kuni ndiko tulikofanya sisi, kwa sababu negativu nyingi zilikuwa zimefifia. Mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari alitupimia sodiamu kaboneti na potasiamu bromaidi kidogo kutoka maabara yake. Katika lita 1 ya D-76 iliyokwisha poa tulitia kaboneti kavu gramu 25, kidogo kidogo huku tukikoroga, na bromaidi gramu 1. Bromaidi hii si ya kupuuza. Kazi yake ni kuzizuia zile chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga zisigeuke kwa bahati mbaya. Bila hiyo, dawa iliyotiwa alkali huweza kuleta ukungu juu ya sehemu nyeupe, hasa kama karatasi ni ya siku nyingi.

Hapa najua mama wa nyumbani atauliza: kaboneti hiyo si ndiyo magadi? Ni jamaa yake wa karibu. Magadi yatokayo katika maziwa yetu ya bonde la ufa, kama Ziwa Magadi la Kenya, ni kaboneti na baikaboneti zilizoshikana pamoja na maji. Kiwandani huyachoma ili yabaki kaboneti tupu. Lakini magadi ya sokoni yana chumvi na udongo, na kila fungu lina lake. Yafaa kwa maharage na makande. Kwa picha ya mwisho ya marehemu usiyatumie.

Kama huna mwalimu wa kemia karibu nawe, soda ile ya kuumulia mandazi, ambayo ni baikaboneti, yaweza kukusaidia, ila si hivyo ilivyo. Ikitiwa mbichi haiongezi nguvu ya maana. Yapasa kuichoma kwanza: itie kikavu katika kikaango cha chuma (usitumie cha alumini, maana hulika), iweke juu ya moto mzuri, na ukoroge kwa muda wa saa nzima mpaka itoe mvuke na hewa yake yote. Mizani itakuambia ikiwa tayari: gramu 40 za soda hubaki gramu 25 za kaboneti. Na ukinunua soda ya kufulia iliyo katika mawe maupe yang'aayo kama barafu, ujue zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Basi pima gramu 67 badala ya 25. Lakini kostiki soda ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa. Huunguza ngozi na kupofusha macho. Usiisogeze kwenye kazi hii.

Dawa ikiisha tiwa kaboneti haikai. Itumie usiku ule ule, kisha uimwage. Na usiirudishe kamwe katika chupa ya dawa ya mkanda, kwa maana mtu atakayesafisha mkanda wake humo kesho ataulaani mkono wako. Hata D-76 isiyoongezwa kitu, ikiisha pitishiwa karatasi, isirudi kwenye mikanda.

Kabla ya kuichanganya hiyo pakiti, itazame unga wake. Unga mzuri ni mweupe au karibu na weupe. Ukiwa wa rangi ya kahawia kama sukari guru, umekwisha haribiwa na hewa, nao hautasafisha mkanda wala karatasi.

Sitaeleza kila dawa ya mkanda iliyoko duniani. ID-11 ya Ilford ni karibu sawa na D-76, na yote niliyosema yaifaa. Rodinal, ambayo Agfa ya Ujerumani iliitoa mwaka 1891, ina alkali kali ndani yake tangu mwanzo. Kwa mkanda hutiwa maji sehemu 25 au 50, lakini kwa karatasi itie maji machache, kama sehemu 10, nayo itafanya kazi bila kuongezewa kitu. Zile zilizotengenezwa kwa kulainisha chembe kabisa, kama Perceptol, ziache. Kutumia dawa ya karatasi kwa mkanda nako kwawezekana, na wapiga picha wa magazeti walifanya hivyo walipokuwa na haraka, lakini picha zao zilikuwa na chembe nene na ukali mwingi.

Joto nalo ni sehemu ya dawa. Vipimo vyote ni vya digrii 20. Pwani maji ya bomba huweza kupita 28, na hapo dawa hukimbia na jelatini hulainika hata ukucha unaikwaruza. Tia barafu katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uuelekeze katika beseni mpaka joto lishuke. Nyanda za juu, wakati wa baridi, taabu ni kinyume chake: chini ya digrii 13 haidrokwinoni husinzia kabisa. Weka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa lenye maji ya uvuguvugu.

Taa nyekundu usiiamini kwa sababu tu ni nyekundu. Weka sarafu juu ya kipande cha karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika 5, kisha kisafishe. Ukiona duara jeupe la sarafu, taa yako inavuja mwanga mbaya.

Usiku wa pili tulianza tena. Tuliipa negativu ya yule baba mwanga wa sekunde 5, 10, 15 na 20 juu ya ukanda mmoja, tukachagua 15. Karatasi ilipozama, sura ilianza kujitokeza kabla nusu dakika haijaisha: kwanza kola ya kanzu, kisha masharubu, kisha macho. Hapo ndipo wengi huharibu. Chini ya taa nyekundu picha huonekana imekwisha kuwa nyeusi mno, na mtu huogopa, akaichopoa. Usiichopoe. Tuliiacha dakika 3 kamili, na kwa kweli baada ya ile ya pili haikubadilika sana. Kama picha yako ni nyeusi mno kwa dakika zilizotimia, punguza sekunde za mwanga katika ile inayofuata. Usipunguze dakika za dawa. Na ukumbuke kwamba picha ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilipokuwa majini, basi ile ionekanayo nzuri kabisa ikiwa imelowa ina giza kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

Yule mama aliletewa picha ingali na maji. Hakusema neno kwa muda. Kisha alionyesha kwa kidole kovu lililo juu ya jicho la kushoto, akatuambia baba yake alilipata kwa kuanguka mnazini kabla yeye hajazaliwa. Katika picha ya kwanza kovu hilo halikuwapo.

Toka katika dawa, karatasi iende katika maji ya siki kwa nusu dakika ili kazi ikome mara moja. Siki ya mezani sehemu moja kwa maji sehemu tatu yatosha. Halafu iingie katika fiksa. Hapa ndipo tamaa ya kumaliza upesi huleta hasara isiyoonekana leo. Picha isiyokaa vya kutosha katika fiksa huonekana njema mwezi wa kwanza, na baada ya muda hupata madoa ya manjano na kahawia. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, na fiksa iliyochoka usiitegemee. Kisha osha. Karatasi yenye ngozi ya plastiki huoshwa kwa dakika chache tu, lakini karatasi tupu isiyo na plastiki hutaka saa nzima. Kwetu maji ya bomba hayakuwapo juma lile. Tulijaza beseni, tukazilaza picha humo dakika 5, tukamwaga, tukajaza tena, mara 12. Ni kazi ya mikono lakini huosha sawasawa na bomba.

Tumia koleo, siyo vidole, kwa kuwa metoli huwasha ngozi za watu wengine vibaya sana na haimwachi mtu upesi. Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni. Fiksa iliyokwisha tumika ina fedha iliyoyeyuka ndani yake. Usiimwage karibu na kisima wala bwawa la samaki.

Wako wasomaji watakaosema: kwa nini taabu zote hizi? Si uipige negativu picha kwa simu, ukaigeuza nyeupe iwe nyeusi? Kweli, na ifanyeni. Sisi tulizipiga zote kwa simu kabla ya kugusa hata karatasi moja, ili negativu ikipotea au kuungua pasiwe na kilio, na jamaa zilizo mbali zilipelekewa hivyo hivyo. Lakini jamaa zote 22 zilisema zataka ya ukutani pia. Simu za wazee hao zimekufa mara ngapi, na zimekufa na picha ngapi? Tulimaliza kazi tukiwa na karatasi 1 iliyobaki, nayo imefungwa katika mfuko wake mweusi, kwa sababu mzee mmoja wa kigango cha mbali hajafika bado kutazama.

Picha zikikauka, zigeuze uandike nyuma. Mimi kama karani nilipewa kazi ya kuzilinganisha na daftari za ubatizo na za ndoa, nami nawaambia ilikuwa ngumu kuliko ya dawa. Daftari lina majina na tarehe, picha ina nyuso, na wanaojua uso upi ni wa jina lipi ni wazee wachache wenye miaka zaidi ya 75. Waulize sasa. Tumia penseli laini, andika karibu na ukingo bila kukandamiza, maana maandishi mazito hutokeza mbele na wino wa kalamu waweza kupenya mpaka usoni. Andika jina la kila mtu kuanzia kushoto, mahali, mwaka kama unajulikana, na jina la mzee aliyekuambia. Pale ambapo wazee wawili wamebishana, kama walivyobishana wetu juu ya msimamizi wa arusi mmoja mwenye kofia, andika majina yote mawili.